Mwongoza Ndege Anapokuita Jina Lisilo Lako: Utatuzi wa Matatizo ya Majina ya Mwito katika Michezo ya Urubani

Malalamiko kuhusu jina la mwito, yaani jina ambalo ndege huitwa redioni, katika michezo ya kuigiza urubani hufanana: mchezaji amebadilisha jina la ndege yake, na mwongoza ndege wa mchezo anaendelea kumwita kwa jina la zamani kana kwamba hakuna kilichofanyika. Mara nyingi mabadiliko yamefanyika kweli, ila yamefanyika mahali ambapo sauti ile haipachunguzi. Ndege ya mchezoni haina jina moja tu. Ina namba ya usajili, ambayo huonekana ubavuni na pia hukaa ndani ya faili; ina jina la shirika pamoja na namba ya safari, ambavyo hutamkwa redioni bila kuandikwa popote kwenye mwili wa ndege; na kwa anayerukia kwenye mitandao ya pamoja kama VATSIM au IVAO, ambako waongoza ndege ni binadamu, kuna jina la tatu ambalo halitoki mchezoni hata kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kugusa faili lolote, ni lipi kati ya majina hayo lililoharibika.

Maelezo haya yanahusu zaidi familia ya Microsoft Flight Simulator, yaani FSX iliyotoka mwaka 2006, toleo la 2020 na toleo la 2024, kwa kuwa hizo zinashirikiana mpangilio mmoja wa mafaili kwa kiasi kikubwa. X-Plane, mchezo mwingine wa aina hii, itatajwa pale ambapo njia yake inatofautiana.

Inafaa kwanza kuelewa mchezo unaiga nini. Kiambatisho cha 10 cha mkataba wa ICAO, ambalo ni shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinatambua aina tatu za majina ya mwito. Ya kwanza ni herufi na tarakimu za usajili peke yake, zikiweza kutanguliwa na jina la mtengenezaji au la aina ya ndege, kwa mfano Cessna G-ABCD. Ya pili ni jina la redio la shirika likifuatiwa na herufi nne za mwisho za usajili. Ya tatu, ambayo ndiyo husikika zaidi kwenye viwanja vikubwa, ni jina la redio la shirika likifuatiwa na namba ya safari. Jina la redio si lazima lifanane na jina la shirika lenyewe: British Airways huitwa Speedbird, South African Airways huitwa Springbok, Aer Lingus huitwa Shamrock, na China Airlines huitwa Dynasty. Mchezo hutumia aina ya kwanza na ya tatu, na huamua itumike ipi kwa kutazama umejaza nini. Uamuzi huo ndio chanzo cha sehemu kubwa ya matatizo yanayofuata.

Dalili: mwongoza ndege anasoma herufi za usajili ingawa umechagua shirika

Umechagua ndege yenye rangi za shirika fulani, umeomba ruhusa ya kuondoka, na sauti inakujibu kwa herufi mojamoja: Alfa, Sierra, X-ray, Golf, Sierra. Ukisikia mfuatano huo katika toleo la 2020, ujue mchezo unasoma namba ya usajili iliyowekwa na watengenezaji, ambayo huanza na herufi ASXGS, na hii ina maana kwamba hakuna ulichojaza wewe kilichofika kwa mwongoza ndege.

Chanzo cha kawaida ni kwamba rangi na jina ni vitu viwili. Rangi za shirika ni picha iliyovalishwa kwenye ndege. Kama aliyeitengeneza hakujaza jina la shirika ndani ya faili la ndege, mchezo hauwezi kulikisia kutokana na picha, hata kama limeandikwa kwa herufi kubwa kuanzia mlango wa mbele hadi mkiani. Rekebisha kwenye menyu: katika toleo la 2020, nenda kwenye ramani ya dunia, fungua ukurasa wa kuchagua ndege, kisha ingia sehemu ya kuibinafsisha. Humo utakuta nafasi ya namba ya usajili, nafasi ya jina la mwito, nafasi ya namba ya safari, na visanduku vya kutia alama. Katika FSX nafasi hizo zimo kwenye dirisha la maelezo ya ndege linalofunguka kutoka ukurasa wa kuchagua ndege, na jina la shirika huchaguliwa kwenye orodha iliyokwisha kuandaliwa.

Jaza jina la shirika na namba ya safari kwa pamoja. Vitu hivi viwili hufanya kazi kama jozi, na anayejaza kimoja akaacha kingine hujikuta akirudishwa kwenye usajili bila onyo lolote. Fanya hivyo kabla ya kuanza safari, kwa sababu mwongoza ndege huchukua jina wakati ndege inapowekwa uwanjani, na kulibadilisha katikati ya safari hakuna njia ya kawaida.

Kuna kosa jingine la jamii hii ambalo huwapata hasa wanaorusha ndege kubwa za abiria. Mchezaji anaandika namba ya safari kwenye kompyuta ya safari iliyo ndani ya chumba cha rubani, ile ambayo marubani wa Airbus huiita MCDU, kisha anashangaa kwa nini redio haijui. Kompyuta ile ni sehemu ya ndege iliyoigizwa. Mwongoza ndege ni sehemu ya mchezo. Na katika ndege nyingi viwili hivyo havizungumzi kuhusu jambo hili. Vivyo hivyo, faili la mpango wa safari lenye kiambishi .pln, ambalo wengi hulileta kutoka kwenye programu za kupanga safari, hubeba njia, mwinuko na viwanja. Usitegemee likubebee jina.

Dalili: jina ulilolichagua halitamkiki, au linatamkwa visivyo

Hapa toleo la mchezo lina uzito mkubwa. FSX hutumia sauti za watu zilizorekodiwa, zikakatwa vipande vidogovidogo na kuunganishwa upya wakati wa mchezo. Jina ambalo halikurekodiwa haliwezi kusemwa. Ukiandika kwa mkono ndani ya faili jina la shirika ulilolibuni, mchezo hautalalamika. Utaliruka na kurudi kwenye usajili, na wewe utabaki ukidhani faili halikusomwa. Kipimo chake ni chepesi: badilisha jina hilo kwa muda liwe Speedbird. Likitamkwa, faili lako linasomwa vizuri na tatizo ni upungufu wa sauti. Lisipotamkwa, tatizo liko kwenye faili, na jibu lake liko kwenye sehemu ya mafaili hapa chini.

Kwa upungufu wa sauti, dawa iliyozoeleka kwa FSX ni programu ya EditVoicepack, ambayo huongeza majina mapya kwenye kifurushi cha sauti kwa kuunga vipande vilivyokwisha kurekodiwa. Matokeo yake huwa na mkatiko unaosikika, na jina refu likiungwa kwa vipande vingi husikika kama limesomwa na watu watatu waliosimama vyumba tofauti. Jina fupi lenye silabi zinazopatikana kwenye maneno ya kawaida ya redio hutoka vizuri zaidi.

Matoleo ya 2020 na kuendelea yameachana na rekodi. Sauti hutengenezwa na kompyuta kutokana na maandishi, kwa hiyo karibu neno lolote hutamkwa, ila hutamkwa kwa kanuni za Kiingereza. Anayeandika jina la Kiswahili ataona irabu zikipindishwa, na mkazo ukiangukia mahali pasipostahili. Njia inayofaa ni kuliandika jina kwa namna ambayo msomaji wa Kiingereza angelisoma sawasawa, na kulijaribu mara kadhaa huku ukibadilisha herufi moja baada ya nyingine. Ni kazi ya masikio, haina fomula. Kumbuka pia kwamba kuna sauti zinazotoka kwenye mtandao na sauti zilizomo ndani ya kompyuta yako. Mipangilio ya mchezo hukuruhusu kuchagua, na intaneti ikikatika jina lilelile linaweza kutamkwa kwa namna nyingine kabisa. Kabla hujaanza kurekebisha herufi, hakikisha unajaribu kwa sauti utakayoitumia siku zote.

Dalili: dirisha la mawasiliano linaonyesha maandishi kama TT:ATCCOM badala ya aina ya ndege

Maandishi haya yanatisha kuliko yanavyostahili. Katika matoleo mapya, jina la mtengenezaji na la modeli halikuandikwa moja kwa moja ndani ya faili la ndege. Kilichoandikwa ni ufunguo unaoelekeza kwenye kamusi ya mchezo, ili mchezaji wa Kifaransa na wa Kijerumani kila mmoja apate maneno yake. Mistari inayohusika ni atc_type na atc_model, iliyomo kwenye sehemu ya [GENERAL] ya faili la aircraft.cfg. Ufunguo ukiwa umekosewa herufi, au ukielekeza kwenye neno ambalo kamusi hainalo, mchezo hushindwa kutafsiri na kuonyesha ufunguo wenyewe, na mwongoza ndege anaweza hata kuusoma kwa sauti.

Ndege za nyongeza zilizotengenezwa na watu binafsi ndizo zinazoonyesha dalili hii zaidi, na hasa zile zilizohamishwa kutoka FSX, ambako mistari hiyo ilikuwa na neno la kawaida tu kama CESSNA au BOEING. Fungua aircraft.cfg ya ndege ya asili ya mchezo iliyo ya mtengenezaji huyohuyo, nakili ufunguo wake jinsi ulivyo, pamoja na nafasi na nukta zake zote, kisha uubandike kwenye ndege yenye kasoro. Kuuandika upya kwa mkono ni kujitafutia kosa lilelile kwa mara ya pili.

Dalili: umehariri aircraft.cfg na hakuna kilichobadilika

Hii ndiyo sehemu yenye vyanzo vingi kuliko zote. Kwanza tuone tunachokihariri. Kila rangi ya ndege ina sehemu yake ndani ya faili, inayoanza na kichwa kilicho kwenye mabano ya mraba, na mistari inayohusu jina huonekana hivi:

[FLTSIM.0]
title = "Cessna 172 ya Mafunzo"
atc_id = "G-ABCD"
atc_airline = ""
atc_flight_number = ""
atc_parking_codes = ""

Mstari wa atc_id ni usajili. Mistari ya atc_airline na atc_flight_number ndiyo ile jozi ya shirika na safari. Mstari wa atc_parking_codes huwachanganya wengi: wao huandika humo msimbo wa shirika, kama BAW wa British Airways au KLM, wakitarajia kuitwa hivyo, kumbe mstari huo husaidia mchezo kuchagua maegesho yanayolingana na shirika uwanjani, wala hauna sauti redioni.

Ikiwa mistari iko sawa na bado hakuna mabadiliko, tazama vichwa. Namba zilizo baada ya FLTSIM lazima zifuatane bila kuruka. Mtu anayefuta rangi ya pili na kuacha sifuri, moja, tatu na nne, katika FSX atakuta rangi zote zilizo baada ya pengo zimepotea kwenye orodha. Anayenakili sehemu nzima na kusahau kubadilisha namba anakuwa na vichwa viwili vinavyofanana, na kimoja hakitasomwa. Mstari wa title nao usirudiwe, si ndani ya faili hilo pekee bali katika ndege zote zilizowekwa, kwa kuwa mchezo huutumia kuitambua ndege; kukiwa na ndege mbili zenye title moja, unaweza kuwa unahariri ya kwanza huku ukirusha ya pili.

Kisha tazama alama za nukuu. Programu za kuandikia barua hubadilisha nukuu zilizonyooka kuwa nukuu zilizopinda bila kukuuliza, na mchezo hauzitambui hizo. Tumia kihariri cha maandishi matupu. Hakikisha pia kwamba Windows inakuonyesha viambishi vya mafaili, kwa maana faili lililohifadhiwa kama aircraft.cfg.txt litaonekana kwa macho kuwa aircraft.cfg, na mchezo utaendelea kusoma lile la zamani lililo kando yake. Kwa FSX iliyowekwa ndani ya folda ya Program Files, Windows huzuia uandishi usio na idhini ya msimamizi na kukupendekezea uhifadhi faili kwingine. Anayekubali pendekezo hilo haraka haraka hubaki na faili zuri kabisa kwenye folda ya nyaraka zake, ambako mchezo haufiki.

Toleo la 2020 lina kizuizi chake cha ziada. Kila kifurushi cha ndege kina faili la layout.json, ambalo ni orodha ya mafaili yote yaliyomo pamoja na ukubwa wa kila moja. Faili jipya lisiloorodheshwa humo halisomwi, na faili lililobadilika ukubwa linaweza kusomwa vibaya. Kwa hiyo kila unapohariri ndege iliyo kwenye folda ya Community, ambamo nyongeza huwekwa, andaa upya orodha hiyo. Programu ndogo ya MSFSLayoutGenerator hufanya kazi hiyo ukiliburuta faili la layout.json na kuliachia juu yake. Baada ya hapo funga mchezo wote na uufungue tena. Kurudi kwenye menyu kuu hakutoshi, kwa sababu vifurushi husomwa wakati wa kuwaka.

Ndege zilizokuja na mchezo usizihariri mahali zilipo. Baadhi yake zimefungwa kwa usimbaji na hazifunguki, na hata zile zinazofunguka zitaandikwa upya sasisho lijalo likifika. Njia salama ni kutengeneza kifurushi chako ndani ya Community, chenye aircraft.cfg fupi inayoiegemea ndege ya asili kwa mstari mmoja:

[VARIATION]
base_container = "..\Asobo_C172sp_AS1000"

Chini ya mstari huo unaweka sehemu ya FLTSIM yenye usajili na jina lako, na ndege itaonekana kwenye orodha kama rangi mpya huku ya asili ikibaki bila kuguswa. Jina la folda baada ya nukta mbili na mkwaju lazima lilingane na folda ya ndege ya asili herufi kwa herufi. Likikosewa, ndege yako haitaonekana kabisa, na hiyo ni dalili tofauti na jina kutobadilika: ndege isiyoonekana inaashiria njia ya folda, ndege inayoonekana na jina la zamani inaashiria mistari ya atc.

Toleo la 2024 hupokea sehemu kubwa ya ndege zake kupitia intaneti kadiri zinavyohitajika, hivyo anayetafuta faili la ndege ya asili kwenye diski huenda asilikute. Kwa walio wengi, menyu ndiyo njia. Wanaocheza kwenye Xbox hawana njia nyingine zaidi ya menyu katika matoleo yote mawili, kwa hiyo sehemu hii yote ya mafaili haiwahusu.

Katika X-Plane usajili hukaa ndani ya faili la ndege lenye kiambishi .acf, na huhaririwa kwa programu ya Plane Maker inayokuja pamoja na mchezo. Tengeneza nakala ya akiba ya faili hilo kwanza. Ndege za kununua hukagua mafaili yake mara nyingine, na .acf iliyohifadhiwa upya kwa toleo tofauti la Plane Maker inaweza kubadilika mambo mengine ambayo hukukusudia kuyagusa.

Dalili: redio inasema jina jipya, ubavu wa ndege unaonyesha la zamani

Au kinyume chake. Namba ya ubavuni huandikwa kwa njia mbili. Kuna ndege ambazo namba imechorwa ndani ya picha ya rangi, na hapo hakuna mpangilio utakaoibadilisha isipokuwa kuifungua picha yenyewe na kuichora upya. Kuna nyingine ambazo mchezo huiandika namba juu ya rangi wakati ndege inapopakiwa, kwa kusoma ulichojaza. Namna ya kuzitofautisha ni kuijaza namba ya ajabu kwenye menyu, kama vile N1, na kuitazama ndege kwa nje. Ikibadilika, namba ni ya kuandikwa na mchezo. Isipobadilika, hakikisha kwanza kisanduku cha kuonyesha namba ya usajili kimetiwa alama, kisha ukubali kwamba imechorwa.

Wakati mwingine huonekana namba mbili, moja juu ya nyingine, zikisomana kama maandishi yaliyofutwa vibaya. Hapo mchoraji wa rangi alichora namba yake bila kuizima ile ya mchezo. Ondoa alama kwenye kisanduku hicho na ya mchezo itatoweka. Ikiwa namba ya mchezo ipo lakini haionekani kwa kuwa rangi yake inafanana na ya mwili wa ndege, tazama faili la panel.cfg la rangi hiyo. Kuna mstari unaoanza na painting00 unaotaja Registration.html, na ndani yake neno font_color. Kulibadilisha kutoka white kuwa black humaliza tatizo kwenye ndege nyeupe.

Anayetaka usajili unaofanana na wa kweli azingatie kanuni za nchi husika. Za Marekani huanza na N na kufuatiwa na alama zisizozidi tano. Tarakimu ya kwanza haiwi sifuri, herufi huruhusiwa mwishoni tu na hazizidi mbili, na herufi I na O hazitumiki kwa kuwa zinafanana na moja na sifuri. Mchezo hautakuzuia kuzivunja kanuni hizo, lakini jicho la mjuzi litaona.

Dalili: neno Heavy linajitokeza, au halijitokezi

Neno hili huongezwa kwa ndege ambazo uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 136,000 au zaidi, ili wanaofuata nyuma wajihadhari na misukosuko ya hewa inayoachwa. Airbus A380 hutumia neno Super. Boeing 777 na 787 ni Heavy; familia ya A320 na 737 hazimo, kwani hata A321 nzito kabisa, ile ya XLR, ina takriban tani 101 tu. Mchezoni jambo hili ni kisanduku cha kutia alama kwenye ukurasa uleule wa jina la mwito, au mstari wa atc_heavy kwenye mafaili ya FSX. Hakihesabu uzito. Ukiitia alama Cessna, itaitwa Heavy bila aibu, na alama hiyo inaweza kubaki kutoka safari ya jana uliyoruka kwa 777.

Dalili: jina lilikuwa sawa, kisha limejirudisha la zamani

Uliza kwanza kama safari uliyoifungua ilihifadhiwa zamani. Katika toleo la 2020, faili la safari lenye kiambishi .FLT hubeba jina ndani yake, kwenye sehemu ya [Sim.0], katika mistari ya TailNumber, AirlineCallSign, FlightNumber na AppendHeavy. Kulifungua ni kurudisha jina la siku ile. Unaweza kuihariri mistari hiyo kwa kihariri cha maandishi, na ni njia nzuri kwa anayeihifadhi safari moja na kuirudia kwa majina tofauti.

Kama safari ni mpya na jina bado limerudi, chunguza kama ndege ya nyongeza imesasishwa. Sasisho huandika aircraft.cfg upya na kufuta kila ulichoongeza. Hii ndiyo sababu ya kuweka majina yako ndani ya kifurushi kinachojitegemea, kama ilivyoelezwa juu, badala ya kuhariri faili la mtengenezaji na kulihariri tena kila mwezi.

Si kila kufupishwa kwa jina ni hitilafu. Mwongoza ndege akianza kwa kukuita G-ABCD na baadaye akasema G-CD, anafuata kanuni: usajili unaruhusiwa kufupishwa kuwa herufi ya kwanza na angalau mbili za mwisho, baada ya yeye kuanza kufanya hivyo. Usirekebishe kitu hapo. Jina la shirika na namba ya safari halifupishwi kwa namna hiyo, kwa hiyo likikatwa, hapo kuna kasoro.

Dalili: kwenye VATSIM wanakuita tofauti na ulivyojaza mchezoni

Kwenye mitandao ya pamoja, kila kilichoelezwa hadi hapa kuhusu atc_airline hakina kazi. Jina huandikwa kwenye programu ya kujiunga, kama vPilot au xPilot, wakati wa kuunganisha. Haliwezi kubadilishwa ukiwa umeunganishwa. Unatoka, unaandika jina jipya, unaingia tena, na unawasilisha mpango wa safari wenye jina hilohilo, kwa kuwa mpango uliobaki na jina la zamani hautaonekana na mwongoza ndege kuwa ni wako.

Jina huandikwa kwa msimbo wa ICAO wa herufi tatu, si kwa jina la redio. Anayetaka kuitwa Speedbird 123 huandika BAW123, na binadamu aliye upande wa pili ndiye anayelitamka. Kwenye mpango wa safari jina halizidi alama 7 na halina kistari wala nafasi, kwa hiyo G-ABCD huwa GABCD. Ikiwa shirika lako ni la kubuni na msimbo wake haujulikani, andika jina lake la redio kwenye sehemu ya maelezo ya ziada ya mpango wa safari, la sivyo mwongoza ndege atasoma herufi moja moja, na hatakuwa amekosea.

Wapo wanaoona jina likiwa sahihi lakini wenzao wanawaambia wanaiona ndege nyeupe isiyo na rangi, au yenye rangi za shirika jingine. Rangi ulizochagua hazisafiri kwenye mtandao. Kompyuta ya kila mwenzako hutazama aina ya ndege uliyoitaja na herufi tatu za mwanzo za jina lako la mwito, kisha hutafuta miongoni mwa modeli ilizonazo iliyo karibu zaidi. Ukiingia kwa BAW123 na aina A320, mwenye modeli hiyo ya British Airways ataiona hivyo; asiye nayo ataona chochote kilichopo. Hakikisha msimbo wa aina ya ndege ulioandika ni ule rasmi wa ICAO, kwa mfano A20N kwa A320neo na C172 kwa Cessna 172. Ukiwa sahihi upande wako, kilichobaki ni modeli walizoweka wao kwenye kompyuta zao.